Kuzirudisha Pikipiki Mbovu za Umeme Si Hisani

Katika muda usiotimia siku kumi za mwezi wa Aprili 2022, makampuni matatu ya India yatengenezayo pikipiki ndogo za umeme, zile ziitwazo skuta, yaliwatangazia wateja wao kwamba vyombo walivyouziwa vyapasa kurudi vikakaguliwe. Okinawa iliita skuta 3,215 tarehe 16. Pure EV ikaita 2,000 tarehe 21. Ola Electric ikaita 1,441 tarehe 24. Jumla yake ni skuta 6,656. Katika nchi yenye watu wapatao milioni 1,400 hesabu hiyo ni tone baharini, na yamkini msomaji wetu atauliza kwa nini gazeti la wafanyakazi wa Afrika ya Mashariki lijishughulishe nayo. Twajishughulisha nayo kwa sababu kila moja ya matangazo hayo matatu lilitanguliwa na moto, na mawili kati yake yalitanguliwa na matanga.

Usiku wa kuamkia tarehe 26 Machi mwaka ule, katika mji wa Vellore, kusini ya India, baba mmoja na binti yake wa miaka 13 walikufa kwa moshi nyumbani mwao, baada ya skuta iliyokuwa ikichajiwa kushika moto. Ilikuwa skuta ya Okinawa. Siku hiyo hiyo ya tarehe 26, mjini Pune, skuta ya Ola iliyoegeshwa kando ya barabara iliwaka mchana kweupe, na kwa bahati njema hakuna aliyeumia. Karibu mwezi mmoja baadaye, wilayani Nizamabad, betri ya skuta ya Pure EV ililipuka ikichajiwa nyumbani usiku, ikamuua mzee wa miaka 80. Hazikupita siku nyingi, tarehe 23 Aprili, mtu mwingine akafa mjini Vijayawada kwa betri iliyokuwa ikichajiwa chumbani mwa kulala. Skuta ile ilikuwa imenunuliwa jana yake tu.

Basi ndipo wito wa kurudisha ulipotoka. Makampuni yakasema yanafanya hivyo kwa hiari, kwa tahadhari, na kwa kuwajali wateja. Okinawa ilieleza kwamba betri zitatazamwa kama zina viungo vya nyaya vilivyolegea au madhara mengine, na kwamba matengenezo yatakuwa ya bure. Hatulikatai neno la bure, ni neno jema. Lakini neno la hiari latusumbua. Mtu aliyeuza ngalawa yenye tundu, kisha akawaita wavuvi wairudishe baada ya mmoja wao kuzama, hastahili kudai shukrani. Alitenda lililompasa, tena alilitenda kwa kuchelewa.

Ili jambo hili lieleweke, hatuna budi kueleza ubovu wenyewe hukaa wapi. Betri ya pikipiki ya umeme si kitu kimoja. Ni sanduku lenye seli nyingi ndogo zilizounganishwa safu kwa safu mpaka zikatoa nguvu ya volti 48, au 60, au 72. Ndani ya kila seli mna pande mbili, na katikati yake umewekwa utando wa plastiki mwembamba kuliko unywele, pamoja na kimiminiko kinachoshika moto upesi. Utando huo ukitobolewa na chembe ya chuma iliyoponyoka machoni pa mkaguzi kiwandani, au ukiyeyuka kwa joto, na huanza kuyeyuka yapata nyuzi 130 za Sentigredi, pande hizo mbili hukutana, shoti hupigwa ndani kwa ndani, na seli huwaka. Joto lake huiwasha seli ya jirani, na ile ya jirani huiwasha ya tatu, kama nyumba za makuti zinavyopokezana moto katika upepo wa kaskazi. Moto huo ukishapamba hauzimiki kwa blanketi wala kwa mchanga, kwa kuwa nyingi za seli hizo zikiungua hutoa zenyewe hewa ya kulisha moto. Maji mengi ndiyo huzipoza, na hata hivyo zaweza kuwaka tena baada ya saa nyingi, watu wakiwa wamekwisha kwenda kulala.

Wala si lazima mambo yaanzie ndani ya seli. Kiungo cha waya kikilegea, umeme hupita kwa taabu, na taabu ya umeme ni joto. Pikipiki hupita juu ya matuta na mashimo kutwa kucha, na kiungo kilichofungwa vibaya kiwandani hakitakazika chenyewe njiani. Maji ya mvua yakiingia katika sanduku lisilozibwa barabara huleta kutu na shoti. Tena kuna kile kikompyuta kidogo kinachosimamia betri, ambacho kazi yake ni kama ya karani wa ghala: kujua kila seli ina umeme kiasi gani na joto kiasi gani, na kufunga mlango mara moja kipimo kikizidi. Karani huyo akiwa mvivu au mjinga, chaja itaendelea kushindilia umeme katika seli iliyokwisha kujaa. Yote haya huamuliwa kiwandani, na mteja hana mkono ndani yake.

Hapa ndipo pikipiki ya umeme inapoachana na ile ya petroli. Petroli ikivuja hunuka. Tairi likilika huonekana. Breki ikichoka mguu huijua kabla ya kichwa. Mwendesha pikipiki wa miaka mitano huisikiliza injini yake kama mama amsikilizavyo mtoto usingizini, na fundi wa kijiweni aweza kuifungua na kuifunga chini ya mwembe. Lakini sanduku la betri limezibwa, na halifai kufunguliwa na mtu asiyefundishwa. Laweza kufanya kazi vizuri asubuhi na adhuhuri, na usiku likaua. Mwenye kujua ni mmoja tu, naye ni mtengenezaji. Yeye ndiye anazo namba za mafungu ya seli zilizonunuliwa kwa bei nafuu, ndiye apokeaye malalamiko kutoka kila mji, na ndiye awezaye kuona kwamba betri kumi zilizoharibika zilitengenezwa wiki moja. Kwa hiyo sisi twasema kwamba yeye ajuaye peke yake asiachiwe kuchagua wakati wa kusema.

Baada ya vifo vya Vellore kampuni ilidai kwamba moto ulitokana na uzembe katika kuchaji. Wengine wakalilaumu jua. Kweli miezi ya Machi na Aprili ni ya joto kali katika sehemu nyingi za India, lakini joto hilo halikushuka ghafula mwaka 2022. Kiwanda kinachouza skuta India na hakikujua kwamba India kuna joto kilikuwa kikijua nini? Na uzembe wa kuchaji ni upi? Chombo kiliuzwa kwa ahadi kwamba kitachajiwa nyumbani, usiku, katika soketi ya kawaida, na mtu wa kawaida aliyerudi kazini amechoka. Mtu huyo akifanya alichoambiwa na nyumba ikaungua, haki haituruhusu kumwita mzembe kabla uchunguzi haujaisha. Taarifa za uchunguzi zilizotoka mwezi wa Mei 2022 zilitaja ubovu katika muundo wa betri, na matumizi ya vifaa hafifu ili kupunguza gharama. Senti zilizookolewa kiwandani zililipwa Vellore na Nizamabad.

Serikali ya India haikunyamaza. Tarehe 21 Aprili 2022 Waziri wa Barabara na Uchukuzi, Bwana Nitin Gadkari, aliyaonya makampuni kwamba yatakayokutwa na uzembe yatatozwa faini nzito na kuamriwa kurudisha vyombo vyote vyenye ubovu, na kwamba ni heri yaviite mapema. Na sheria ya kuyabana ilikuwapo. Tangu tarehe 1 Aprili 2021 kanuni za nchi ile zaipa serikali uwezo wa kuamuru vyombo visivyozidi umri wa miaka saba virudishwe, na kampuni inayolazimishwa hutozwa faini ya rupia laki kumi hadi milioni kumi. Twaisifu sheria hiyo, ila twaiona ina kilema. Huyahesabu malalamiko ya wenye vyombo na kuyalinganisha na idadi ya vyombo vilivyouzwa, ndipo iamue. Kwa breki au taa hesabu hiyo yafaa. Kwa betri ilalayo kitandani pa watu, kungoja malalamiko yatimie ni kungoja maiti. Aliyekufa usingizini kwa moshi hajazi fomu.

Lililokuwa na manufaa zaidi ni kanuni mpya za upimaji wa betri, zilizoanza kutumika kwa sehemu mbili: ya kwanza tarehe 1 Desemba 2022, na ya pili tarehe 31 Machi 2023. Kwa kanuni hizo betri yapasa kuvumilia majaribio ambamo seli moja huwashwa makusudi, ionekane kama moto utaenea. Yapasa kuzamishwa majini bila kuingiza maji, kuwa na fyuzi, kuwa na vipima joto vya kutosha, na kupiga kelele na kuwasha taa ya hatari kabla mambo hayajaharibika. Na jambo ambalo wengi hawakulitazama, nasi twaliona kuwa kubwa, ni kwamba seli ziandikwe namba na tarehe zilipotengenezwa, ili zifuatike. Kabla hata ya sehemu ya kwanza kuanza, tarehe 12 Septemba 2022, moto ulizuka mjini Secunderabad katika jengo ambalo chini yake palikuwa na duka la skuta za umeme na juu yake hoteli. Watu wanane walikufa. Wageni wa hoteli hawakununua skuta, wala hawakuchaji kitu.

Tusidhani lakini kwamba hitilafu ya umeme ni moto peke yake. Mwezi wa Oktoba 2020, nchini Marekani, kampuni ya Harley-Davidson iliziita pikipiki zake za umeme aina ya LiveWire, 1,012 kwa hesabu. Ubovu ulikuwa katika programu ya mtambo wa kuchaji uliomo ndani ya pikipiki, ambayo iliweza kuuzima mwendo wote chombo kikiwa barabarani, bila kumwonya mwendeshaji. Hapakuwa na cheche wala moshi. Lakini tumfikirie mtu aliye katikati ya njia kuu, nyuma yake lori, na mashine chini yake yafa ghafula. Dawa yake ilikuwa kuisahihisha programu, kazi ya muda mfupi gerejini.

Pikipiki hiyo ilipotoka iliuzwa kwa dola 29,799, bei ya nyumba kwa wengi wa wasomaji wetu. Hatuwaonei kijicho walioinunua. Twaitaja ili tuone jinsi walivyolindwa. Sheria ya Marekani ya mwaka 1966 ilimlazimisha mtengenezaji kuwajulisha wenye vyombo juu ya ubovu wa hatari, na marekebisho ya mwaka 1974 yakamlazimisha kuutengeneza bure. Mtengenezaji akishajua kwamba kuna ubovu, ana siku tano za kazi za kuiarifu serikali. Sheria hiyo haikuwageuza wenye viwanda kuwa malaika, wala hakuna sheria iwezayo. Lakini pikipiki 1,012 ziliweza kuitwa moja moja kwa sababu kila moja ilikuwa na namba, na kila namba ilikuwa na jina na anwani ya mtu. Hayo ni mambo ya daftari. Hayahitaji utajiri wa Marekani.

Sasa tuangalie kwetu. India si mbali nasi katika mambo haya. Chombo cha magurudumu matatu kiitwacho bajaji kimechukua jina la kampuni ya India, na pikipiki nyingi sana za bodaboda zatoka huko na China. Za umeme nazo zimekwisha kuingia. Mjini Kigali zinabeba abiria tangu mwaka 2019, na serikali ya Rwanda iliamua kwamba tangu Januari 2025 pikipiki mpya za abiria zitakazosajiliwa mjini humo ziwe za umeme tu. Nairobi, Kampala na Dar es Salaam nazo zimeonja. Sisi si maadui wa vyombo hivi. Kijana aliyeacha kununua petroli kila siku na akabaki na fedha kidogo mfukoni hahitaji kuhubiriwa na mhariri. Tena moshi unaopungua mjini ni mapafu ya wote. Kwa sababu hiyo hiyo twataka mambo yawekwe sawa sasa, wakati vyombo bado vyaweza kuhesabika.

Tuchukue mfano wa kawaida kabisa. Kiwanda cha ng'ambo chagundua kwamba fungu fulani la betri lina viungo vilivyolegea. Chaandika barua. Barua yaenda kwa mwagizaji. Mwagizaji, akiwa mtu mwema, ampigia simu tajiri ambaye jina lake limo katika kadi ya pikipiki. Tajiri ana pikipiki saba, kazigawa kwa vijana saba kwa mkataba, na kila kijana alipa hesabu kila siku mpaka deni liishe na chombo kiwe chake. Mmoja wa vijana hao amempa mwenzake wa usiku aiendeshe wakati yeye amelala. Yule wa usiku ndiye aliyeikalia betri. Ndiye aliyeileta nyumbani kuichaji, kando ya mkeka waliolalia watoto. Barua imepita mikono minne na yeye haijamfika. Na kama pikipiki ilikwisha kuuzwa mara ya pili kwa kupeana mkono, bila kadi kubadilishwa jina, kama ilivyo desturi mbaya ya mitaani kwetu, basi barua haina hata pa kuanzia.

Tuseme imemfika. Aambiwa airudishe pikipiki kwa wakala, nayo itakaa huko siku nne. Matengenezo ni bure, naam. Je, hesabu ya tajiri kwa siku hizo nne nani ailipe? Unga wa nyumbani nani aununue? Kijana huyu aliye na akili timamu, mwenye deni, mwenye watoto, ataitazama pikipiki yake inayotembea vizuri, atajiambia kwamba haijawaka tangu aichukue, naye ataendelea na safari. Nani amlaumu? Tajiri wa Marekani hupeleka pikipiki yake gerejini na kurudi nyumbani kwa gari lake. Mwenzetu akiipeleka yake amefunga duka. Wito wa kurudisha usiojali jambo hili ni wito kwa matajiri tu, na wale walio katika hatari kubwa zaidi, walalao chumba kimoja na betri, ndio watakaoukosa.

Kuna mpango mmoja ambao wafaa kutazamwa, nao ni ule wa kubadilishana betri vituoni. Hapo betri ni mali ya kampuni. Mwendeshaji huiacha iliyokwisha na kuchukua iliyojaa, wala hailali nayo. Kampuni ikitaka kuondoa fungu bovu yaweza kuzizuia betri hizo kituoni bila kumtafuta mtu. Kwa upande wa usalama hiyo ni faida kubwa. Lakini betri nyingi zikiondolewa kwa siku moja na vituo vikabaki vitupu, waendeshaji watapanga foleni bila kazi, na mikataba yao haina budi kusema mapema ni nani atakayeibeba hasara hiyo.

Wapo watakaotunong'oneza kwamba kuyasema haya ni kuwatisha wananchi na kukiharibia jina kitu kipya. Sisi twaona kinyume chake. Kampuni iitayo vyombo vyake mapema, kabla mtu hajaumia, na isishutumiwe. Magazeti, hili letu likiwa mojawapo, yajizuie kuicheka. Tukiizomea kampuni inayosema kweli tutazifundisha nyingine kunyamaza. Kampuni ambayo haijaita chombo hata kimoja kwa miaka mingi ama imejaliwa mafundi wa ajabu, ama ina kabati lililofungwa, na kwa uzoefu wa ulimwengu twalishuku kabati. Ukali tuuweke kwa yule aliyejua akakaa kimya.

Kwa ndugu zetu waendeshaji tuna neno pia, nalo si la kuwapa makampuni kisingizio. Mjini New York, mwaka 2023, mioto iliyoanzishwa na betri za baiskeli za umeme na vyombo vya namna hiyo ilikuwa 268, nayo iliua watu 18. Wengi wanaotumia vyombo hivyo huko ni vibarua wapelekao chakula majumbani, watu wa kipato kidogo, na betri na chaja za bei rahisi zisizopimwa zililaumiwa sana. Tangu Septemba mwaka ule mji ule umekataza kuuza au kukodisha vyombo hivyo bila cheti cha kupimwa. Betri iliyofunguliwa mtaani na kuongezewa seli za kuokota, chaja iliyonunuliwa kwa sababu kichwa chake kinaingia tundu moja, betri kuwekwa mlangoni ambapo ndipo njia pekee ya kutokea, hayo tuyaache. Betri ikianguka, ikivimba, ikitoa harufu ya tamutamu au ikipata moto kuliko kawaida, itolewe nje ya nyumba na isichajiwe. Na atakayeona hivyo amwambie mwenzake kijiweni siku ile ile, na chama cha waendeshaji kiandike namba ya betri hiyo katika daftari. Makampuni yana hesabu zao. Wafanyakazi nao wawe na zao.

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, kifungu cha 46, yampa mtumiaji haki ya bidhaa zenye ubora wa kufaa, haki ya kulindiwa afya na usalama wake, na haki ya fidia kwa hasara au madhara yanayotokana na ubovu wa bidhaa. Maneno hayo ni mazuri, na jirani wangefaa kuyaazima. Yanayohitajiwa sasa ni miguu ya kuyatembeza. Betri isiuzwe katika nchi zetu kama haijapita majaribio ya moto, maji na mtikisiko, na cheti kitokacho kiwandani kwenyewe tusikikubali peke yake. Namba ya betri iandikwe pamoja na namba ya pikipiki, na kila aichukuaye, awe mnunuzi au mwenye mkataba, ajiandikishe kwa simu yake bila malipo na bila kutozwa kodi ya ziada kwa kujitokeza, maana wakiogopa kodi hawatajitokeza. Mwagizaji apewe siku tano kama wenzake wa Marekani, ziandikwe katika sheria, na akikaa kimya afungiwe biashara, kwa kuwa faini peke yake matajiri huitia katika bei. Tangazo litolewe kwa redio, kwa Kiswahili chepesi, na lipelekwe vijiweni kwa miguu. Kulitia katika ukurasa wa nyuma wa gazeti la Kiingereza hakutoshi.

Na katika siku zote ambazo pikipiki itakuwa gerejini kwa ubovu wa kiwanda, mwendeshaji apewe nyingine ya kufanyia kazi, au alipwe hesabu yake na riziki yake. Gharama hiyo iwekwe juu ya aliyeuza. Betri zitakazotolewa zihesabiwe mbele ya mkaguzi wa serikali na ziharibiwe kwa utaratibu, ili zisije zikaonekana tena sokoni mwezi ujao, zimefunguliwa na kupangwa upya, zikiuzwa kwa akina mama wa vijijini kwa ajili ya taa za sola.